Mwezi Usio na Miadi

Jioni ya mwezi 29 Ramadhani. Adhana ya magharibi imeshapita, kokwa ya tende bado imo mdomoni, na ukuta wa Forodhani umejaa watu wanaotazama upande mmoja. Mwenye kikombe cha uji amekishika tu, hanywi. Jua limezama baharini upande wa bara, limeacha rangi ya embe bivu, na juu yake limelala wingu moja refu na jembamba kama mkeka ulioanikwa. Kila mtu anatafuta kitu chembamba kuliko ukucha. Mzee mmoja anasema wingu likisogea kidogo tu tutauona. Wingu halisogei. Dakika 20 zinapita, giza linaingia, nasi tunarudi majumbani bila ya kujua kama kesho ni Idi au ni funga ya 30.

Hii ndiyo kero ninayotaka kuisifu.

Uzito wake naujua, nimekulia ndani yake. Usiku ule mama wa nyumba hajui apashe wali wa daku au aanze kukaanga vitunguu vya pilau. Nyama inunuliwe sasa, bei ikiwa juu, au ingoje kutwa nzima? Kanzu ya mtoto iko kwa fundi, haijatiwa vifungo. Aliyekata tikiti ya boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam anapiga simu kila robo saa. Zaka ya fitri imeshapimwa, mchele umo mifukoni, lakini itoke leo au kesho? Redio inaongezwa sauti, watu wananyamaza, taarifa haijasomwa. Saa tatu, saa nne. Mtoto anauliza tena na tena na hajibiwi, maana nyumba nzima haina mkubwa hata mmoja mwenye jibu.

Kila mwaka naisikia lawama ile ile, na wanaoitoa si wajinga. Wanasema simu iliyomo mfukoni inajua mwezi utazama saa ngapi na dakika ngapi hapa Unguja leo, mwakani, na miaka 100 ijayo. Hesabu ipo, mashine ipo. Kwa nini tusumbuke na jambo ambalo lingeweza kuchapwa kwenye kalenda tangu Januari? Kalenda zenyewe zinakiri udhaifu huo: penye Idi pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba sikukuu inategemea kuandama kwa mwezi. Katika kalenda nzima, hakuna maneno ninayoyapenda kama hayo.

Aliyenifundisha kuutafuta mwezi ni babu yangu, baharia wa majahazi. Alinisimamisha mbele yake, akaninyoosha mkono hadi kiwiko kikauma, akanikunja ngumi na kuiweka juu ya mstari wa bahari pale jua lilipozama. Anza hapa, alisema, mwezi mchanga haupandi sana zaidi ya ngumi na nusu. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba ngumi ya mkono ulionyooshwa inafunika nyuzi 10 hivi za mbingu, na kidole kimoja karibu nyuzi mbili. Babu hakusema nyuzi, alisema vidole. Ndivyo walivyosema manahodha wa Bahari ya Hindi tangu zama za Ahmad ibn Majid, aliyeandika elimu ya bahari na nyota katika karne ya 15. Wao walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, kamal: fundo linabanwa kwa meno, kibao kinanyooshwa mbele, na nyota inapimwa urefu wake kwa vidole juu ya maji. Babu hakuwa tena na kibao, ila vidole alikuwa navyo.

Halafu alikuwa na maswali. Mtoto akipiga kelele kwamba ameuona, babu hakufurahi upesi. Umeuona wapi? Kushoto kwa pale jua lilipozama, au kulia? Pembe zimeelekea wapi? Umeinama upande gani? Mtoto aliyeona ncha ya wingu hujichanganya katika swali la pili. Maswali hayo hayo huulizwa shahidi anapofika mbele ya kadhi, na kwa fiqhi ya Shafii tuliyoikuta pwani, mwezi wa kuanza kufunga unatosha kwa shahidi mmoja mwadilifu, ila mwezi wa kufungua unataka wawili.

Kwa nini mwezi ujifiche hivyo? Mwezi unaachana na jua kwa nyuzi kama 12 kwa siku, yaani nusu ya uzi kwa saa. Siku unapopita karibu na jua, upande wenye mwanga umetupa kisogo, hakuna cha kuonekana. Hapo wataalamu wanasema mwezi umezaliwa. Lakini kuzaliwa si kuandama. Mfaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, ule uzi wa mwanga pembezoni mwake haushikiki kwa jicho. Ni nadra mno mtu kuuona kwa jicho tupu kabla haujatimiza saa 15, na mara nyingi unahitaji zaidi. Kuandama ni kufuata. Mwezi mwandamo ni ule uliokwisha kuachana na jua kiasi cha kulifuata nyuma, likazama kwanza nao ukabaki. Waliotupa neno hilo walikuwa wametazama sana.

Na sisi tulio karibu na ikweta tumepewa bahati. Jua letu linashuka karibu wima, na mwezi mchanga unakaa juu yake chali, pembe zote mbili zikiwa juu, kama ngalawa. Kaskazini ya mbali, London kwa mfano, unalala ubavu. Ila giza la kwetu ni la haraka. Ukitoka nje umechelewa kwa sababu ulikuwa unamalizia sambusa, mwezi umeshazama.

Mashine zimeshavuka mpaka huo wa jicho. Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika dakika ile ile ya kuzaliwa kwake, mchana, kwa kamera isiyotegemea mwanga tunaouona sisi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu: uzi mweupe uliokatikakatika juu ya buluu iliyofifia. Ni kazi kubwa na namheshimu aliyeifanya. Lakini dakika ile hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kuinua macho yake akauona mwezi ule, wala kumwonyesha mtoto wake kwa kidole.

Sasa nieleze kwa nini naiita kero hii neema, na nianzie mahali nilipoielewa.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya hoteli moja ya ufukweni. Moja ya kazi zangu ilikuwa kupanga zamu, kila Alhamisi, kwa rula na kalamu nyekundu, mimi na mwenzangu tukibishana nani alilala usiku wa kuamkia lini. Ikaletwa programu. Tukaambiwa itatupumzisha, na ni kweli ilifanya kwa dakika tulichokifanya kwa nusu siku. Ikaja Ramadhani. Msimamizi akaniuliza Idi ni tarehe ngapi ili aiingize. Nikamwambia Jumanne au Jumatano. Akasema programu inataka tarehe moja. Nikamwambia hiyo moja haipo mpaka Jumatatu usiku. Hakuwa mtu mbaya, alinionyesha kwenye kioo: kisanduku kilikuwa kimoja, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya "au".

Akaingiza Jumanne. Jumatatu jioni mwezi haukuonekana. Saa tatu usiku taarifa ikasomwa, na tukakusanyika jikoni: wapishi, madobi, walinzi, watu wa mapokezi. Wenzetu Wakristo waliotoka bara wakasema wao watashika zamu za Idi siku yoyote itakayoangukia, nasi tuwashikie Krismasi. Mpishi mmoja akageuza karatasi ya oda ya samaki, akachora mistari kwa mkono, na jedwali la siku mbili likaandikwa hapo mbele ya watu wote, kila mtu akisema mwenyewe anachoweza. Halikuchukua nusu saa. Katika miaka yangu pale sikumbuki jedwali lililokuwa na haki kama lile.

Ama ile nusu siku ya Alhamisi iliyookolewa na programu, haikurudi kwangu. Kabla ya mwaka kwisha, mwenzangu wa rula na kalamu aliondolewa kazini, nami nikapewa kazi zake. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mashine ikipunguza kazi, mtu anapumzika. Saa zinazookolewa huwa na mwenyewe, na mara nyingi si wewe.

Watu wanaosema hesabu ya mwezi ni jambo la leo wanaonea watu wa zamani. Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, wafalme wa Ashuru, Esarhaddon na mwanawe Ashurbanipal, walikuwa na wataalamu mijini ambao kazi yao ilikuwa kutazama mbingu na kumwandikia mfalme. Barua hizo za vibao vya udongo zilichimbuliwa Ninawi, na nyingi ziko leo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Baadhi zinasema tu kwamba walitazama, palikuwa na mawingu, mwezi hawakuuona. Katika moja, mwangalizi anamweleza mfalme kwamba ameuona mwezi siku ya 30, ila ulikuwa juu mno kuwa wa siku hiyo, ulikaa kama mwezi wa siku ya pili. Basi mfalme angoje habari ya mji mwingine kabla ya kupanga tarehe.

Nilipofika hapo nilikiweka chini kitabu nilichokuwa nikizisoma barua hizo. Maneno hayo nayasikia barazani kwetu kila Idi pili, watu wakitazama juu baada ya magharibi: mwezi gani huu mkubwa hivi, huu ni wa siku mbili huu! Miaka 2,600 na zaidi imepita, na bado jirani anaushuku mwezi kwa hoja ile ile. Na mfalme mwenyewe, aliyeiteka Misri, alikuwa hana budi kungoja.

Majirani zao wa Babeli walikwenda mbali zaidi. Usiku kwa usiku, kwa zaidi ya miaka 500, waandishi wao waliandika shajara za mbingu: mwezi ulionekana lini, ulikaa muda gani baada ya jua kuzama, mwezi uliopita ulikuwa wa siku 29 au 30, na pembeni bei ya shayiri na kimo cha maji ya mto. Kutokana na kutazama huko walipata wastani wa mwezi mmoja: siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3 na theluthi. Vipimo vya leo vinatofautiana nao kwa chini ya sekunde moja. Waliweza kukadiria mapema kama mwezi ujao utakuwa wa 29 au 30, na kupatwa kwa mwezi waliweza kukutarajia. Na bado walipanda juu ya paa. Hesabu yao ilikuwa mtoto wa kutazama, na walijua kwamba mtoto hulelewa. Wangeacha kutazama, wasingejua hesabu imepotoka wapi.

Huo mzigo wa kuuhesabu mwezi ndio uliozaa sehemu ya mashine tulizo nazo leo, na hadithi yake ina watu ndani. Uingereza ilianza kuchapa almanaki ya mabaharia kwa mwaka 1767, ili nahodha ajue alipo kwa kupima mwezi ulivyo mbali na nyota. Hesabu zilifanywa na watu majumbani kwao, kwa malipo, na kompyuta wakati huo lilikuwa jina la binadamu. Mmoja wao aliishi mji mdogo wa Ludlow. Kazi ilikuwa kwa jina la mumewe. Mume alipofariki mwaka 1784 ikajulikana kwamba aliyekuwa akihesabu ni mke, Mary Edwards. Aliendelea nayo, akalea watoto kwayo, na binti yake Eliza akairithi, mpaka mwaka 1832, kazi ilipokusanywa katika ofisi ya London na wahesabuji wa majumbani wakaachwa. Miaka 11 kabla ya hapo, Charles Babbage alikuwa amekaa na rafiki yake John Herschel wakikagua jedwali za wanafalaki, makosa yakawa mengi mno, Babbage akatamani hesabu zile zingefanywa kwa nguvu ya mvuke. Kwa uchovu ule wa jedwali za mbingu alianza kubuni mashine zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika ofisi ile ile ya almanaki, Leslie Comrie alizichukua jedwali za mwezi za Ernest Brown, zilizochapishwa mwaka 1919, akazihamishia kwenye kadi za matundu, kadi kama nusu milioni, akazipitisha kwenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya hesabu za biashara. Zikatoa mahali pa mwezi kuanzia mwaka 1935 hadi 2000. Kwa hiyo mwezi ule niliotafuta mbele ya babu, ngumi yangu juu ya maji, ulikuwa umeshatobolewa kwenye kadi kabla sijazaliwa. Habari hiyo hainipunguzii kitu. Kadi ilijua mwezi uko wapi. Haikujua wingu liko wapi, wala nani amesimama ukutani.

Nani basi aliyepumzishwa? Nikimfikiria Eliza Edwards, miongo ya uzoefu mkononi na karatasi haziji tena kwa posta, siwezi kusema kwamba alipumzishwa. Mwaka 1930 John Maynard Keynes aliandika kwamba ifikapo 2030 watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki, na shida yao kubwa ingekuwa kujua wafanye nini na nafasi waliyo nayo. Mwaka huo uko mlangoni. Dada yangu yuko Ohio, katika ghala ambamo roboti zinamletea rafu mpaka miguuni. Hatembei tena kutafuta mzigo. Amesimama mahali pamoja saa 10, na mashine inampima kasi ya mikono. Likizo anaiomba kwa simu, wiki mbili kabla, kwa tarehe.

Kwa ajili ya watu kama yeye, Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini liliamua mwaka 2006 kufuata hesabu: mfanyakazi apate kuomba ruhusa mapema, ukumbi ukodiwe, shule ijulishwe. Siwalaumu hata kidogo. Dada yangu asingepata Idi yoyote vinginevyo. Lakini nikilitazama jambo hili vizuri naona mashine ndiyo iliyomnyima usiku wa shaka, na bosi hakumpa kitu badala yake. Roboti zote zile hazikumzalishia hata uhuru wa kumwambia mwajiri: kesho huenda nisije, tutajua usiku.

Sisi uhuru huo tunao bado, na tunauchukulia kama mzigo. Hebu fikiria ni siku gani nyingine inayofunga maduka, benki na ofisi za serikali bila ya mtu yeyote mwenye cheo kuijua kwa hakika saa 24 kabla. Ratiba zote zinasimama na kungoja kitu ambacho hakipokei simu.

Fundi wangu wa nguo anaijua thamani ya hilo kuliko mimi. Kibanda chake kiko kichochoroni karibu na Darajani, taa imening'inia chini mpaka inagusa kichwa cha mteja mrefu. Baba yake alishona kwa cherehani ya mkono, yeye akaanzia ya miguu, sasa ana ya umeme na pembeni ovaloki. Kanzu iliyomchukua baba yake siku nzima, yeye anaimaliza kwa saa chache. Nilimuuliza kama mkesha wa Idi umepungua. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto mdogo uliofungwa kiganjani, ndipo akajibu: haujapungua hata saa moja. Zamani watu walileta kitambaa Shaabani. Sasa wanaleta mwezi 27 Ramadhani, kwa kuwa wanajua mashine ina kasi.

Mwaka mmoja nilikuwa pale kungojea kanzu ya mwanangu, redio iko juu ya kabati la vitambaa. Kulikuwa na marundo matatu: yaliyokatwa, yaliyoshonwa nusu, na yasiyoguswa. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala usiku mbili. Taarifa ikasomwa: mwezi haukuonekana popote, tunakamilisha 30. Nje mtoto mmoja akaanza kulia. Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. Sauti ya cherehani ikazimika, na nikatambua kwamba ilikuwa masikioni mwangu muda wote ule. Akakaa hivyo, mikono juu ya kitambaa, kisha akainuka, akaifunika mashine kwa kipande cha shuka kama anavyofunikwa mtoto, akatoka barazani na kumwita muuza kahawa. Akanywa vikombe viwili. Akasema, leo nalala. Mwezi mzima ule, mapumziko pekee aliyoyapata aliletewa na wingu.

Kuna upande wa kero hii unaouma, na nisipousema nitakuwa sijaisifu kwa haki. Nyumba moja huweza kuwa na Idi mbili. Wako wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, na wako wanaofuata mwezi wa kwao. Dunia inapozunguka, jua la Dakar linazama karibu saa nne baada ya letu, na katika saa hizo mwezi umeshajitenga na jua kwa nyuzi mbili nyingine. Unaweza kushindwa kuonekana Unguja na ukaonekana Senegali jioni ile ile, bila ya yeyote kusema uongo. Kwa hiyo wote wawili wana hoja, na nimeona ndugu wakikosana kwa hoja nzuri. Nimeona watu wakihama msikiti.

Wanaodhani mashine itaumaliza ugomvi huo naomba wafikiri tena. Hesabu inasema mwezi uko wapi. Haisemi Idi ni lini. Tutafuata kuzaliwa au kuonekana? Kuonekana wapi, Makka, Mombasa au popote? Kwa urefu wa nyuzi ngapi? Maswali yote hayo yanajibiwa na watu waliokaa pamoja, ndio maana hata wanaofuata hesabu hawafuati hesabu moja. Kazi ya kukubaliana haijapata mashine bado.

Nilichokiona kikiponya ni kidogo kuliko hesabu. Mwaka mmoja nyumbani kwa shangazi, mjomba mmoja alikuwa anakula Idi na mwingine bado amefunga. Pilau likaletwa. Shangazi hakutoa fatwa. Akapakua sahani moja, akamwekea aliyekuwa anakula. Akapakua ya pili, nyama nzuri juu, akaifunika kwa kawa, akaiweka kabatini mbele ya macho ya yule aliyefunga na kumwambia: yako hii, ya kesho. Na kesho yake yule aliyekwisha kula Idi alikuja tena, amevaa kanzu ile ile mpya, wakakaa naye.

Mwaka jana nilikwenda Forodhani na binti yangu, ana miaka 11. Macho yangu si yale tena, nuru ya machweo inanichanganya. Yeye alikuwa na simu yenye programu ya nyota. Unaiinua, mshale unakuonyesha mwezi uko upande gani hata ukiwa nyuma ya wingu. Sikumkataza. Ibn Majid angekuwa na kitu kile angekitumia, na babu pia. Aliufuata mshale mpaka ukatulia juu kidogo ya mlingoti wa dau lililotia nanga. Kisha akaishusha simu, akanipa, akanyoosha mkono na kukunja ngumi kama nilivyomfunza.

Tukangoja. Wingu lilikuwepo, lile lile la kila mwaka naona, lakini lilikuwa na tundu.

"Ule pale," akasema.

Nikatazama anapotazama. Sikuona kitu. Nikamuuliza uko upande gani wa pale jua lilipozama.

"Kulia, baba. Kidogo tu."

Na pembe zimeelekea wapi?

"Juu. Kama ngalawa, lakini imeinama kidogo kulia."

Watu waliokuwa karibu wakanyamaza. Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi, na bado sikuuona. Kisha mwanamme mmoja, wa tatu kutoka kwetu, ambaye sikumjua, akashusha kikombe chake ukutani na kusema: naam, nami nauona.